Daraja Lililokaguliwa kwa Sikio

"Katika wilaya hii zege halikauki mpaka niwe nimelitazama kwa macho yangu haya mawili."

Maneno hayo aliyasema Kaimu akiwa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, povu mashavuni. Kinyozi ndiye aliyekuwa na wembe, lakini alikuwa mtu wa adabu, hakubisha. Wateja waliokuwa wakisubiri zamu walitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja wao akauliza, "Hata lile daraja la korongoni?"

"Hasa lile," akajibu Kaimu. "Lile ni kama mwanangu."

Kama lilikuwa mwanawe, basi yeye alikuwa baba wa kutuma salamu. Tangu mvua kubwa zianze hakuwa amekanyaga korongoni hata kwa bahati mbaya. Aliondoka pale kwa kinyozi amenyolewa vizuri, ananukia sabuni, akarudi ofisini ambako hakukuwa na mtu wa kumwambia amependeza.

Ofisi ya Ukaguzi wa Miradi ilijengwa kwa ajili ya watu wengi. Meza zilikuwepo, viti vilikuwepo, hata vikombe vya chai vilikuwepo, kila kimoja na jina la cheo chake limebandikwa kwa karatasi. Waliokuwa wakivinywea ndio hawakuwepo. Mhandisi alihamishwa. Mtu wa vipimo alistaafu, akaagwa kwa soda na hotuba, na kiti chake kikaachiwa vumbi. Dereva alifariki, gari likamfuata kwa huzuni: matairi yalilala, na mafuta yake hayakuonekana tena kwenye bajeti. Kila barua ya kuomba watumishi ilijibiwa kwa upole kwamba kibali kiko kwenye mchakato. Fedha za kumwaga zege zilikuwepo, tena za kutosha. Fedha za kumlipa mtu wa kulitazama likikauka, hizo ndizo zilizokuwa kwenye mchakato.

Hivyo mtu mmoja akabaki anakaimu kila kitu. Kaimu mkuu wa ofisi, kaimu mhandisi, kaimu mpima, na siku ambazo mhudumu hakuja, kaimu mfagiaji. Jina lake la kuzaliwa likafifia, likabaki kwenye kitambulisho tu. Sheria ilitaka kila mradi ujadiliwe na kamati, naye alikuwa mtu wa sheria: aliketi kiti cha mwenyekiti akauliza swali, akahamia kiti cha mhandisi akajijibu, kisha akarudi na kujishukuru kwa mchango mzuri. Wakati mmoja aliahirisha kikao kwa sababu akidi haikutimia. Alikuwa na mafua.

Haya alikuwa akiyasimulia kwa kicheko. Lakini ukimkuta mwenyewe ofisini baada ya chakula cha mchana, ungemwona amekaa kimya anatazama vikombe.

*

Nyumbani, mke wake alikuwa mja mzito na presha yake ilikuwa inacheza. Daktari alimwambia atulie: asibebe ndoo, asipande gari kwenye mashimo, asishangilie wala kulia kupita kiasi. Alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo alitulia mbele ya cherehani yake dirishani, akawa anashona na kutazama barabara.

Mama yake mzazi aliishi ng'ambo ya korongo, nyumba ya kwanza ukishavuka. Daraja la zamani la magogo lilibomolewa ili kupisha jipya. Njia iliyobaki ilikuwa barabara ya kuzunguka bonde zima, ile ile yenye mashimo aliyoyakataza daktari. Mafundi walikuwa wakivuka kwa mbao zilizolazwa juu ya vyuma, jambo ambalo mja mzito hawezi, na kikongwe asijaribu. Simu nayo, mama mkwe alinunuliwa nzuri, akaiweka kabatini na sahani za wageni. "Ikilia nitashtuka," alisema.

Kwa hiyo mtu wa pekee aliyekuwa akivuka na kurudi na habari alikuwa Kaimu. Mara ya kwanza alikwenda kweli. Alivuka mbaoni akiwa na nyundo yake mkononi, akagonga nguzo moja baada ya nyingine, akasikiliza mlio kama daktari anavyosikiliza kifua. Kisha akapita kumwamkia mama mkwe, akapewa kigoda na maji ya kunywa, wakazungumza mpaka jua likapoa. Aliporudi na salamu, mke wake alifurahi hata akasahau kuvimba miguu.

Mara iliyofuata mvua ilinyesha. Gari halikuwa na mafuta, pikipiki za kukodi zilikataa tope, na mezani kulikuwa na shule mbili na mfereji vinasubiri kaimu mhandisi. Hakwenda. Aliporudi nyumbani jioni mke wake aliinua uso kutoka kwenye cherehani.

"Umemwona mama? Hajambo?"

Angesema hapana. Neno lenyewe ni fupi tu. Lakini aliuona ule uso, na siku nzima hakuwa ameona uso mwingine uliogeuka kwa sababu yeye ameingia mlangoni.

"Hajambo," akasema. "Anakusalimu sana."

"Kasemaje?"

"Kasema..." Kaimu akavua viatu polepole ili apate nafasi ya kufikiri. "Kasema mtoto akitoka na pua ya baba yake, umrudishe hospitali wakubadilishie."

Mke alicheka mpaka akashika tumbo. "Huyo ndiye mama yangu! Huyo ndiye mwenyewe!"

Uongo ni kama deni la dukani, hauanzi na gunia. Wiki iliyofuata mama mkwe alituma salamu nyingine, na nyingine tena. Alilalamikia kuku wa jirani, akawasema mafundi wanaoimba vibaya, akashauri majina ya mtoto. Kaimu alikuwa akimtunga njiani, huku anatembea, anatabasamu peke yake, na watu wakampisha. Ukweli usemwe, mama mkwe huyu wa kutunga alikuwa mcheshi kuliko yule wa ng'ambo, na nyumba haikuwa na saa tamu kama ile ya kumleta.

"Kanenepa," alisema jioni moja. "Yaani mashavu hayo!"

"Alhamdulillahi," akasema mke wake, akavuta kitambaa chenye maua, akaanza kukata gauni pana.

*

Tusimwonee, kazi hakuiacha. Alichofanya ni kubuni njia ya kuifanya akiwa amekaa. Alimpigia simu mkandarasi kule eneo la kazi, akamwamuru ashike nyundo na kugonga, naye akasikiliza huku sikio limebanwa kwenye simu na macho yamefumbwa. Zege zima lina mlio wake, na zege bovu lina mlio wake. Alijiambia kuwa sikio ni lile lile, liwe korongoni au mezani. Baada ya hapo aliandika kwenye taarifa: *Mkaguzi alifika eneo la mradi na kujiridhisha.*

Mkandarasi alikuwa mtu mnene mwenye kucheka kwa urahisi, na kwa kuwa jibu lake la kila swali lilikuwa moja, watu walimwita Usihofu.

Siku ile ya ukaguzi wa mwisho Kaimu alimpigia kama kawaida.

"Uko darajani?"

"Nipo, Mkaguzi. Nyundo mkononi."

"Nguzo ya kwanza."

*Ngo, ngo, ngo.*

"Safi. Ya pili."

*Ngo, ngo.*

"Halafu, Mkaguzi," akasema Usihofu, "vijana wanasema kuna bikizee ng'ambo anawauliza kila siku, mkaguzi atakuja lini. Wanasema anakaa tu hapo nje kwenye..."

"Bikizee atapita daraja likifunguliwa," akamkata Kaimu. "Nani amekuuliza habari za bikizee? Gonga katikati."

Chumba kilikuwa cha moto. Akatoka nje na simu sikioni, akazunguka nyuma ya jengo kutafuta kivuli.

"Gonga tena, kwa nguvu."

Sikio la kulia likasikia *ngo* kutoka kwenye simu. Sikio la kushoto, ambalo halikuwa na simu, nalo likasikia *ngo*.

Kaimu akasimama. "Tena."

*Ngo*, kulia. *Ngo*, kushoto.

Akafuata sikio la kushoto. Likampeleka mpaka mgahawa wa nyuma ya ofisi, na pale kwenye ngazi za mlangoni akamkuta Usihofu amechuchumaa, simu imebanwa begani, nyundo mkono mmoja, kikombe cha chai mkono wa pili, anagonga ngazi ya mgahawa kwa bidii.

Wakatazamana. Simu zote mbili zilikuwa bado hewani, kwa hiyo mtu wa kwanza kuhema alisikika mara mbili.

"Mkaguzi," akasema Usihofu. "Karibu chai."

"Umenidanganya!"

"Keti kwanza, watu wanatutazama."

"Taarifa zangu zote nimeandika kwa mlio wa ngazi ya mgahawa?"

"Ni ngazi imara sana hii," Usihofu akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Akashusha sauti. "Sasa sikiliza, ndugu yangu. Mimi nilisema niko darajani na sikuwepo. Wewe uliandika umefika darajani na hukuwepo. Tukianza kusutana, nani atangulie?"

Kaimu akaketi kwenye ngazi ile ile.

"Niambie kitu kimoja. Daraja ni zima?"

"Usihofu."

"Sikuulizi hofu! Nakuuliza daraja."

Usihofu akazungusha chai kikombeni. "Msimamizi wangu anasema ni zima. Kijana mwaminifu."

"Wewe umeliona?"

"Lilipoanza, ndiyo. Lakini nina kazi sehemu nyingi, Mkaguzi, na wasimamizi wenyewe nimewapunguza. Unajua hali ilivyo."

Mwenye mgahawa akaleta kikombe cha pili bila kuulizwa. Kaimu akainywa ile chai. Mkandarasi ndiye aliyeilipia, akatoa noti mbele ya watu na kusema, kwa sauti ya ukarimu, "Na ya Mkaguzi humo humo."

*

Alikwenda kwa Mkurugenzi siku hiyo hiyo, na maneno ameyapanga mdomoni. Mkurugenzi alikuwa mama mpole, mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kusema jambo la heri. Aliivua.

"Nilikuwa nataka kukuita. Kibali kimetoka. Unathibitishwa. Hutakuwa kaimu tena."

 Miaka yote ile Kaimu alikuwa akiwaza kwamba siku akiambiwa atacheka, au atalia, au angalau atataka maji.

"Na watumishi, mama?"

"Hapo ndipo nimepata shida," Mkurugenzi akasema, akapumua. "Niliwasomea wakubwa taarifa zako. Nikawaambia: huyu mtu peke yake anafika kila mradi, kila wiki, bila gari. Nilitaka waone huruma. Mmoja akaniuliza, kama mmoja anatosha, hao wengine ni wa nini?" Akacheka kwa uchungu. "Umetuponza kwa bidii yako, mwanangu."

"Mama, ningeomba ufunguzi wa daraja wa kesho usogezwe. Nikaliangalie daraja mara moja tu."

Mkurugenzi akavaa miwani. "Kwani kuna nini? Si umeandika umejiridhisha?"

"Nimeandika."

"Sasa kuna jambo ulilificha wakati ule, au kuna jambo unalolificha sasa hivi?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mama anayemuuliza mtoto kama amenawa mikono. Mlango wa kusema kweli ulikuwa pale pale mbele ya Kaimu, wazi, na ungegharimu kila kitu: cheo ambacho hakijamaliza hata saa moja, mshahara, na mtoto anazaliwa mwezi unaokuja.

"Hakuna jambo, mama," akasema. "Ni mazoea tu ya kazi."

Mkurugenzi akamsogezea hati ya kulipokea daraja, naye akatia saini.

*

Jioni mke wake alikuwa amepiga pasi gauni pana, analifunga kwenye kitambaa.

"Daktari kaniruhusu," akasema. "Presha imeshuka. Kesho nakuja nawe, navuka mwenyewe, namkumbatia mama yangu."

"Kesho kutakuwa na msongamano," Kaimu akasema. "Nenda wiki ijayo, watu wakipungua."

"Msongamano gani, na gari la ofisi si linakwenda?" Ni kweli: kwa sababu mgeni rasmi alikuwa anakuja, mafuta yalikuwa yamepatikana. "Au unaona aibu kutembea na mwanamke mwenye tumbo kama pipa?"

"Si hivyo."

"Basi ni nini? Daraja si umelikagua?"

"Nimelikagua."

"Kwisha maneno." Akakaza fundo, kisha akamtazama mumewe vizuri. "Umekuwaje? Leo umethibitishwa, umeingia kama mtu aliyetoka mazikoni. Haya, nipe salamu za mama basi. Tangu wiki iliyopita hujanipa."

Kaimu akatafuta. Akatafuta kila mahali, kwa kuku wa jirani, kwa mafundi wanaoimba, kwenye pua ya mtoto. Mama mkwe wake wa kutunga alikuwa amenyamaza.

"Kesho utaonana naye," akasema, akaenda kukaa nje peke yake mpaka mbu wakamrudisha ndani.

*

Asubuhi korongoni palikuwa na turubai, viti vya plastiki na kipaza sauti kilichokuwa kikijaribiwa na mtu anayependa kujisikia. Daraja lilikuwa jeupe, limenyooka, limefungwa utepe. Kaimu aliliona likiwa zima kwa mara ya kwanza, pamoja na wananchi wengine. Alitamani lisimpendeze, lakini lilipendeza. Alilitazama kila upande kwa haraka haraka, kama mtu anayetaka kusoma kitabu kizima mlangoni mwa chumba cha mtihani, na hakujua chochote. Rangi ilikuwa mpya, na chini ya rangi kuna nini, hilo lilihitaji nyundo, muda na ukimya. Alichokuwa nacho ni tai tu.

Ng'ambo nako watu walikuwa wamekusanyika, wachache, nyuma ya utepe wa upande wao. Korongo lile ni la kina, lakini si pana. Mtu akipaza sauti anasikika.

Mgeni rasmi alihutubia. Mkurugenzi alimsifu Mkaguzi, watu wakapiga makofi, Usihofu akapiga kuliko wote. Utepe ukakatwa. Mgeni rasmi, ambaye viatu vyake vilikuwa vya gharama na tope lilikuwepo, akasema kwa ucheshi kwamba daraja ni la akina mama, akina mama watangulie.

Mke wa Kaimu alikuwa mbele, bunda kwapani. Akaweka mguu wa kwanza darajani.

"Usipite!"

Sauti ilimtoka Kaimu kabla hajaiandaa. Kipaza sauti kikaidaka, korongo likairudia.

Kila mtu akageuka. Mkurugenzi akavua miwani, na safari hii haikuwa kwa jambo la heri. "Kuna nini, Mkaguzi?"

 Kaimu akaona mlango mdogo, wa pembeni, ambao mtu anaweza kupenya na heshima yake yote: daraja litafungwa, watu watapona, na yeye atakuwa shujaa.

"Jana," akasema, "nilipotoka ofisini nilikuja kulipitia mara ya mwisho. Kwa hiari yangu. Nikaona ufa chini ya nguzo ya pili. Nilikuwa nataka kuwaarifu kabla ya... Nilikaa hapa mpaka jioni, nikalichunguza. Nashauri asipite mtu."

Minong'ono ikapanda. Mgeni rasmi akarudi hatua nyuma. Usihofu akageuka kuitazama nguzo ya pili. Hadithi ile ilikuwa inakubalika. Mtu mmoja akaanza hata kusema, "Huyo ndiye mtumishi."

Ndipo ng'ambo, nyuma ya watu, sauti ya kikongwe ikapasuka.

"Nipisheni! Hebu nipisheni, huyo si mkwe wangu?"

Watu wa ng'ambo wakaachana. Nyuma yao, nje ya nyumba ya kwanza, kwenye kiti kilichowekewa mto, alikuwa amekaa mwanamke mkavu kama kuni, mguu mmoja umenyooshwa juu ya sanduku, umefungwa plasta mpaka pajani.

"Mwambieni mkwe wangu," akaita, "kama jana alikuwa hapa mpaka jioni, mbona hakunisalimu?"

Mgeni rasmi akamgeukia Mkurugenzi.

"Mimi tangu nianguke sina pa kwenda. Nakaa hapa hapa toka asubuhi, natazama hilo daraja lao, namsubiri yeye tu aje anieleze hali ya mwanangu. Muulizeni, nimemkosea nini?"

Mke wa Kaimu alikuwa bado na mguu mmoja darajani. Akamtazama mama yake, akautazama ule mguu wa plasta, halafu akageuka kwa mumewe polepole, kama mtu mwenye chombo kilichojaa mkononi.

"Mama ameanguka lini?" akauliza.

Mkurugenzi alikuwa akimtazama. Mgeni rasmi alikuwa akimtazama. Kaimu alisimama katikati ya watu wote wale, na hata pale ofisini, kati ya meza tupu, hakuwahi kuwa peke yake namna ile.

Ng'ambo, kikongwe aliona kimya kimekuwa kirefu, akamhurumia. Sauti yake ikalainika.

"Au ulipita nikiwa nimesinzia, baba? Uzee huu. Pengine ulibisha hodi sikusikia. Kama ni hivyo sema, mwanangu, mimi sina kinyongo."

Alikuwa amempa uongo mwingine, tayari. Amemfungia vizuri, na kumkabidhi mbele ya mashahidi. Ilibaki kusema ndiyo tu.

"Hukusinzia, mama," akasema Kaimu.

Alisema kwa sauti ya chini sana, haikufika hata katikati ya korongo. Ilimfikia mtu mmoja. Mke wake akautoa mguu darajani, akapanga bunda lake upya kwapani, akapita mbele yake bila kumgusa, akapita viti vya plastiki, akalipita gari la ofisi na dereva wa kuazima aliyekuwa akimfungulia mlango, akaingia barabara ya kuzunguka bonde na tumbo lake mbele.

"Kasemaje?" kikongwe akaita kutoka ng'ambo. "Jamani, kasemaje?"